Bia ya kegi imelala na mtungi umeisha: tafuta inapovujia kabla hujaongeza presha

Mtungi wangu wa kwanza wa gesi ulikuwa wa kilo tano na uliisha kwa siku nne. Siku nne! Na bia yenyewe Ijumaa usiku nilipofungua koki, jamaa wamekaa uani wananingoja, ikatoka imelala kama chai ya jana, mmoja akaniuliza "kaka, hii ni bia ama maji ya ukwaju?" Nilitahayari. Sasa haya ninayoandika ni yale yamenifunza toka siku ile, hapa Malindi, na kegi nne za zamani nilizouziwa na mzee mmoja Mwitaliano alipokuwa anarudi kwao, kila moja ikiwa na ugonjwa wake.

Nikisema kegi simaanishi ile Senator ya baa, manake Kenya hii ukitamka tu kegi watu washafika huko. Naongelea ile mitungi ya stenlesi ya lita 19 iliyokuwa ya kampuni za soda zamani, ina mfuniko wa umbo la yai na vichwa viwili juu, kimoja cha kuingiza gesi na kimoja cha kutoa bia. Na gesi hapa si ya kupikia, ni kaboni dayoksaidi, ile inayowekwa kwenye soda. Regyuleta ya jikoni usijaribu kuilazimisha hapo, presha ya mtungi huu wa gesi ni kubwa mara nyingi zaidi na itakuumiza. Alafu ni bia ya kunywa nyumbani naongelea, ukitaka kuuza tafuta leseni kwanza hayo ni mengine.

Kwanza jua ni ugonjwa gani

Kosa tunalofanya wote ni moja, bia ikitoka imelala mkono unaenda moja kwa moja kwa regyuleta kuongeza presha. Ngoja. Kama kuna mahali panavuja unalilisha tu hilo tundu, na kama shida iko kwenye mpira wa kutolea bia unazidisha ubaya. Mimina glasi moja uitazame vizuri. Ikijaa povu tupu alafu povu likishuka bia ya chini haina kitu, gesi ilikuwemo lakini imetokea njiani, shuka hadi nitakapoongea habari za mpira. Ikitoka kimya kabisa, hakuna povu hakuna vipovu vya kupanda, basi ama haijawahi kushika gesi ama ilishika ikaipoteza. Hapo vuta kidogo ile pete ya valvu ya usalama juu ya mfuniko, sekunde moja tu, ikipiga pssss ya nguvu presha iko na pengine umeharakisha tu au bia ina joto, ikinyamaza gesi imeshatoroka.

Na bia isiyo na povu si lazima iwe haina gesi. Glasi iliyokuwa na mafuta ya samaki au iliyobaki na sabuni inaua povu palepale, bia ikaonekana imekufa na ukiionja inachoma ulimi vizuri tu. Nimewahi kufungua kegi nzima kwa sababu ya glasi chafu, usicheke.

Mtungi unaisha haraka

Hesabu ziko hivi. Kutia gesi lita 19 mpaka kiwango cha bia ya kawaida inakula kama gramu 90, na kuisukuma yote itoke kwa koki inakula kama gramu 60 au 70 tena. Yaani kegi moja haifiki hata robo kilo, na mtungi wa kilo tano ukihudumia kegi thelathini hivi umefanya kazi yake. Ukiisha kwa kegi mbili usimlaumu aliyekujazia, unavuja.

Lakini usihukumu kwa ile geji ya upande wa mtungi, hiyo ni mwongo. Ndani ya mtungi gesi imekaa kama maji, na maadam kuna tone la maji hayo geji inaonyesha joto la mtungi tu, haionyeshi kilichobaki. Kwa nyuzi 20 inasoma kama psi 830 (psi ndo kipimo cha presha), kwa nyuzi 30 inapita 1,000, na ukiuingiza kwenye friji ya nyuzi 4 inashuka mpaka 560 hivi. Mimi niliuingiza kwenye friji jioni, asubuhi nikakuta geji imeanguka karibu nusu, nikafungua kila nati iliyokuwepo, nikapaka sabuni kila mahali, nusu siku nzima natafuta tundu lisilokuwepo. Kinachosema ukweli ni mzani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa pale shingoni, toa huo kwenye uzito unaopima. Mimi naenda kwa jamaa anayeuza samaki ana mzani wa kuning'iniza, naupima baada ya nguru wake, ananicheka lakini naondoka najua nina kilo ngapi.

Kingine cha hapa kwetu, kaboni dayoksaidi ikipita nyuzi 31 haikai tena kama maji na presha inapanda kwa kasi, na wakati wa kaskazi nyuzi 31 ni mchana wa kawaida. Usiuache juani, usiuache kwenye gari limefungwa vioo. Na chumba kidogo kisichopitisha hewa usikitumie kabisa, hii gesi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, mtungi ukivuja usiku umelala hapo unaweza usiamke. Kichwa kikianza kuuma na pumzi inapanda bila sababu toka nje kwanza, mambo ya kufunga mtungi baadaye.

Kutafuta panapovuja

Ni sabuni, vilevile unavyofanya na mtungi wa gesi ya kupikia. Sabuni ya vyombo na maji kidogo iwe nzito, paka kwa brashi, alafu SUBIRI. Tundu kubwa linapuliza povu mara moja lakini dogo linaweza kuchukua dakika nzima ndo kipovu kimoja kitokee, na hilo dogo ndo linalomaliza mtungi kwa wiki. Zima feni, inakausha sabuni na inakuzuia kusikia.

Anzia kwenye mtungi ushuke. Kati ya mtungi na regyuleta kuna washa, kile kipete bapa cha kuzibia, wengi wanaisahau au wanarudisha ile iliyobonyea, na hapo kukaza kwa mkono hakutoshi, chukua spana. Tepu nyeupe ya mafundi bomba inafaa kwenye nyuzi za skrubu zilizochongoka tu, viungo vingine vinazibwa na washa au vyuma viwili kukaliana vizuri, ukizungusha tepu hapo unavizuia visikaliane. Baada ya hapo mpira wa gesi na klipu zake, na kwa pwani nunua klipu za stenlesi, zile za kawaida hewa ya chumvi inazila upesi na klipu iliyooza unaiona imebana kumbe haibani kitu.

Ukishapaka kote na hujaona kitu, jaza presha, funga mtungi kabisa, tia alama sindano ya geji ya presha ndogo, ile ya upande wa kegi, ilipo, lala. Ikishuka mpaka asubuhi kuna tundu. LAKINI fanya hivi kwenye kegi tupu! Bia ambayo bado haijashiba gesi inainyonya yenyewe, sindano itashuka vizuri sana na hakuna kinachovuja popote. Hili ndo limewahangaisha wengi, mtu anabadilisha kila oringi, zile pete za mpira za kuzibia, na shida ni kwamba bia ilikuwa na kiu tu.

Kegi ikikataa kabisa kuonyesha, itie presha uizamishe kwenye pipa la maji uangalie vipovu vinatoka wapi, kama fundi wa baiskeli na tyubu. Maji ya mfereji lakini. Kuna rafiki yangu alitaka tuipeleke baharini kwa sababu bahari iko karibu, nikamwambia chumvi ikiingia kwenye springi za valvu tutarudi hapahapa mwezi ujao.

Mfuniko

Kama ningeruhusiwa kusema chanzo kimoja tu ningesema mfuniko. Mtu anafunga, anabana ule mkono wa chuma, anaweka psi 10 au 12 anaenda zake, na oringi kubwa ya mfuniko haijakaa. Presha ndogo haiwezi kuisukuma ikae, kwa hiyo inavuja polepole bila kelele usiku kucha. Dawa yake ni kuufunga, kuuvuta juu kwa mkono, alafu unaingiza psi 30 kwa mara moja mpaka usikie tap ya mpira kukaa, unapaka sabuni, hakuna kipovu? sawa, punguza sasa. Na usipunguze kwa kuzungusha regyuleta peke yake, presha iliyoingia hairudi, unaitoa kwa ile pete ya juu.

Kama bado inavuja, ugeuze mfuniko nyuma mbele, hizi kegi za zamani zimeshapigwapigwa na saa zingine upande mmoja unakaa na mwingine hautaki. Vile viguu viwili vya mkono wa chuma navyo vinakuwa na mpira chini, ukiwa umeisha hauna mkazo, mimi nilikata vipande vya ndara kuukuu nikaweka chini ya viguu, mwaka wa pili huu. Oringi ukiifinya ikabaki na alama ya bapa upande mmoja itupe, haina maisha. Ipake grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, kidogo kama unapaka midomo. Si Vaseline, kuna aina za mpira inazivimbisha na kuzioza, na si mafuta ya nazi, najua utayafikiria kwa sababu yako jikoni, mafuta yakifika kwenye bia povu ndo basi.

Wale wanaotia sukari ndani ya kegi iji-gesi yenyewe, mko kwenye hatari hiyohiyo na zaidi. Hamira inaanza kutoa gesi polepole, mfuniko haujakaa, gesi yote inapita pembeni na baada ya wiki mbili unafungua bia tamu-tamu imelala. Kaza mfuniko kwa gesi ya mtungi kwanza, psi 30, ndo uiache ifanye kazi yake. Hii si kama mnazi bwana, mnazi unachemka mpaka kwenye kibuyu kwa sababu bado unaendelea kuchacha, bia iliyokwisha kuchacha haina cha kujisaidia.

Vichwa viwili vya juu

Ndani ya kila kichwa kuna kivalvu kidogo chenye springi, ukitoa kapla, ile kofia ya mwisho wa mpira inayobonyezwa juu ya kichwa, kinatakiwa kijifunge. Ukitoa ukasikia ssss, kibonyeze mara mbili tatu kwa bisibisi kirukeruke, mara nyingi ni kipande cha hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu) au chembe ya uchafu imekaa kwenye mdomo wake. Isipoacha, toa presha YOTE kwanza, narudia yote, vuta pete mpaka inyamaze, ndo ufungue kichwa kwa spana. Mwenye haraka anaweza kupigwa na kichwa cha chuma usoni.

Kila kichwa kina oringi ya nje inayoshika kapla, hiyo inakauka inapasuka, ni rahisi kuibadilisha. Lakini kuna ya ndani, inakaa shingoni mwa mrija chini ya kichwa, na ile ya upande wa bia ndo mchawi. Ikiwa imechoka haivuji nje uione. Gesi iliyo juu ya bia inapenya hapo inaingia kwenye bia inayopanda kwenye mrija, glasi inajaa povu kila siku, unapunguza presha, unarefusha mpira, unafanya kila kitu na povu liko palepale, alafu kwa sababu umeshapunguza presha bia nayo inalala. Mimi hiyo ilinila miezi miwili. Oringi yenyewe ni ndogo kama pete ya mtoto.

Hakuna panapovuja na bado imelala

Basi ni joto au haraka. Bia baridi inashika gesi, bia ya moto haishiki, ndo mambo yote hayo. Kwa nyuzi 4, psi 12 inakupa kiwango kizuri. Friji yako ikiwa kwa kweli iko nyuzi 10, kwa matokeo yaleyale unahitaji karibu psi 18. Ukiacha kegi stoo kwa nyuzi 30 na psi 12 yako bia haifiki hata nusu ya gesi unayotaka, ungehitaji karibu psi 38 na hapo huwezi kuimimina. Na usiamini kile kinamba cha mlango wa friji. Weka glasi ya maji ndani, kipima joto ndani ya maji, usiku mzima, usome asubuhi. Friji zetu hizi za nyumbani zinazofunguliwa na watoto kila dakika kutoa maji, wakati wa kaskazi, utashangaa.

Na muda. Psi 12 kwenye baridi ni wiki moja mpaka mbili, hakuna njia ya kujidanganya hapo. Njia ya mkato ni psi 30 kwa siku moja au moja na nusu bia ikiwa tayari imepoa, alafu unatoa presha na kurudisha 12. Kuitikisa kunaharakisha lakini wengi wanapitiliza, na kama laini yako ya gesi haina valvu ya kuzuia kurudi, bia inaweza kupanda kwenye mpira wa gesi mpaka kwa regyuleta, na kuisafisha hiyo sikutakii.

Stima ikipotea nusu siku, kegi inapata joto, presha ndani inapanda, mtu anaona hivyo anaogopa anavuta pete kuitoa. Sasa ndo umeilaza mwenyewe! Kegi hizi zimetengenezwa kuhimili presha kubwa kuliko hiyo kwa mbali, iache, stima ikirudi na baridi ikirudi gesi inarudi ndani ya bia ilipotoka. Usimimine tu mpaka ipoe.

Kuna aliyeniuliza kama anaweza kutumia pampu ya tairi badala ya mtungi. Itasukuma bia itoke, ndio, kwa jioni moja ya sherehe mnayoimaliza yote. Lakini hewa haiingii kwenye bia kama kaboni dayoksaidi inavyoingia, itabaki imelala, na oksijeni itaipa ladha ya kadibodi iliyolowa.

Povu glasi nzima, chini hakuna kitu

Huu ni mpira mfupi, asilimia kubwa. Bia inatoka kwenye psi 12 inaingia kwenye hewa ghafla, kama hakuna kitu cha kuipunguzia mwendo njiani gesi yote inaruka nje kwenye glasi. Mpira wenye tundu la ndani la milimita 5 hivi unatakiwa urefu wa kama mita 3, uzungushe ndani ya friji juu ya kegi. Wangu ulikuwa wa sentimita 60 kwa sababu niliona mrefu unachafua friji. Na koki unaifungua yote kwa mara moja, ile ya kuifungua nusu kwa kuogopa povu ndo inayoleta povu. Glasi ya kwanza ikiwa povu na ya pili ikiwa nzuri, hiyo ni koki na mpira kuwa na joto, mimina kidogo pembeni uendelee.

Bia yenyewe ndo inavuja

Hii haitaki sabuni, sisimizi watakuonyesha. Ukiona msafara unapanda friji ufuate, mwisho wake ni koki ambayo haikusafishwa, bia imekaukia ndani kama gundi, haifungi vizuri. Fungua, loweka maji moto, paka grisi. Zile koki za plastiki za kubonyeza kwa kidole usiziache zikining'inia ndani ya friji, chupa moja ikiziangukia unakuta lita 19 chini ya friji na gesi yote imefuata.

Na kama umebadilisha oringi zote na kichwa kimoja bado kinavuja, angalia kama hukuvibadilishana. Kapla ya kijivu ni ya gesi, nyeusi ni ya bia, na kwenye kegi nyingi za aina hii kichwa cha gesi kina vikato vidogo chini kwenye kona zake. Ukilazimisha kapla kwenye kichwa kisicho chake inaweza kuingia kwa shida na isitoke tena, niliwahi kuibandua kwa bisibisi mbili na shemeji ameshika kegi kwa magoti. Toka siku ile vichwa vya gesi vyote nimevipaka rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu, na haitoki hata ukiosha.